Kipupwe na pumu: baridi hulaumiwa, moshi husahauliwa

Kila mwaka, Juni inapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe, yaani msimu wa baridi na upepo mkavu unaoendelea hadi Agosti. Wakulima wa viazi na chai katika Nyanda za Juu Kusini huufuatilia kwa makini wakihofia sakitu, ambayo huweza kuunguza majani ya shamba zima kwa usiku mmoja. Lakini katika nyumba nyingi za Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya kuna mtu mwingine ambaye msimu huo humtia hofu zaidi kuliko mwenye shamba, naye ni mgonjwa wa pumu.

Ukimuuliza mgonjwa huyo, au mzazi wake, ni kitu gani humkaba kifua wakati wa kipupwe, jibu huwa moja: baridi. Jibu hilo si la uongo, ila ni pungufu. Sehemu kubwa ya mambo yanayoamsha pumu katika miezi hiyo haiko nje kwenye umande na ukungu, bali ndani ya nyumba, na hutokana na namna tunavyojikinga na baridi hiyo. Tunafunga madirisha, tunaingiza jiko chumbani, tunatoa mablanketi yaliyokaa sandukuni mwaka mzima, tunasongamana kwenye chumba kimoja ili tupate joto. Kila moja ya hatua hizo lina gharama yake kwa mtu mwenye mapafu yasiyostahimili.

Pumu ni ugonjwa wa kudumu wa mirija inayopitisha hewa kwenda kwenye mapafu. Ndani ya kuta za mirija hiyo huwa na uvimbe ambao hauishi hata katika siku ambazo mgonjwa hajisikii lolote. Mirija ya namna hiyo huwa nyepesi kukasirika. Ikiguswa na kichocheo, misuli inayoizunguka hukaza, kuta zake huvimba zaidi, na ute mzito huziba nafasi ndogo iliyobaki. Hapo ndipo husikika ule mluzi kifuani, kikohozi cha usiku wa manane na pumzi inayotoka kwa shida. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala kitanda kimoja, ingawa mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa haugunduliwi mapema na dawa sahihi hazipatikani kwa urahisi.

Tuanze na baridi yenyewe ili tuipe haki yake. Pua ya binadamu ni zaidi ya tundu la kupitishia hewa. Ni mahali pa kuipasha hewa joto, kuitia unyevu na kuichuja kabla haijafika mapafuni. Mtu anapotembea taratibu na kupumua kwa pua, kazi hiyo hufanyika vizuri hata asubuhi yenye baridi kali. Tatizo huja anapokimbia au kupanda mlima, kwa sababu hulazimika kupumua kwa mdomo, na hewa baridi na kavu huingia moja kwa moja kwenye mirija na kuinyang'anya maji. Mirija yenye pumu hujibu kwa kujikaza.

Wasomaji waliosoma shule zetu za msingi wanaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri, na baada yake zamu ya kufagia uwanja. Kwa mtoto mwenye pumu, mpangilio huo ni mgumu kuliko walimu wengi wanavyodhani. Kwanza anakimbia huku akiimba, yaani kwa mdomo wazi, katika saa yenye baridi kuliko zote. Kisha anashika fagio la chelewa na kulitimua vumbi la kiangazi, maana kipupwe ni msimu usio na mvua. Mwalimu anayemwona mtoto huyo akibaki nyuma asiharakishe kumwita mvivu. Kumwagia maji uwanja kabla ya kufagia, au kumpa mtoto huyo kazi nyingine isiyo na vumbi, hakuhitaji fedha.

Hata hivyo, kumkataza mtoto mwenye pumu michezo yote ni kosa la upande wa pili. Paula Radcliffe wa Uingereza, ambaye aligundulika kuwa na pumu akiwa bado kijana, alikimbia mbio za marathoni za London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, na rekodi hiyo ya dunia ya wanawake ilidumu hadi mwaka 2019 ilipovunjwa na Mkenya Brigid Kosgei. Mgonjwa aliyetulizwa vizuri kwa dawa anaweza kukimbia. Anachohitaji ni kupasha mwili joto polepole kabla ya mbio, kujifunga skafu nyepesi mbele ya pua na mdomo katika asubuhi zenye baridi ili hewa ipate joto kidogo, na, kama daktari ameelekeza hivyo, kuvuta dawa yake dakika 10 hadi 15 kabla.

Jambo la pili ni mafua. Virusi vya mafua ya kawaida, vile ambavyo kwa mtu mzima mwenye afya huleta makamasi ya siku chache tu, ndivyo vinavyoongoza katika kuamsha mashambulizi ya pumu kwa watoto. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, madaktari wamezoea kuona wimbi la watoto wenye pumu hospitalini kila Septemba, majuma machache tu baada ya shule kufunguliwa, kabla hata baridi haijaanza kuuma. Wimbi hilo linafundisha kwamba watoto wanaokusanyika pamoja na kubadilishana mafua huhitaji kuangaliwa hata kama joto la nje ni la wastani. Huku kwetu, shule hufunguliwa Julai katikati ya kipupwe, na mabweni hufungwa madirisha ili baridi isipenye. Kunawa mikono kwa sabuni, kutolala vitanda vilivyobanana panapowezekana, na kufungua madirisha ya bweni mchana ni kinga za kweli. Chanjo ya mafua makali, pale inapopatikana, hupendekezwa pia kwa wagonjwa wa pumu.

Sasa tufike jikoni, mahali ambapo kipupwe hufanya madhara yake makubwa kimya kimya.

Moshi wa kuni na mkaa una chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba pua haiwezi kuzinasa, nazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema kiwango cha chembe hizo kwa wastani wa saa 24 kisizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Katika jiko la mafiga matatu lililo ndani ya chumba kisicho na dohani, kiwango hicho hupitwa mara nyingi sana, na wanaokivuta ni akina mama, watoto waliobebwa mgongoni na bibi wanaoota moto. Wakati wa masika au joto, mama hupika mlango ukiwa wazi, au hutoa jiko nje. Kipupwe kikiingia, mlango hufungwa, moto huachwa uwake hadi usiku, na familia nzima huuzunguka. Kwa hiyo si kwamba moshi umeanza Juni. Moshi ulikuwapo, ila sasa umefungiwa ndani pamoja na mgonjwa.

Katika maeneo ya misitu ya kupandwa, kama Mafinga na Makambako, wapo wanaotumia majiko ya maranda kutoka viwanda vya mbao. Ni nishati rahisi na husaidia kutunza miti, lakini maranda mabichi au yaliyolowa hutoa moshi mzito. Hali kadhalika kuni mbichi. Kuni zilizopasuliwa na kukaushwa miezi kadhaa kabla ya kipupwe huwaka kwa moshi mchache zaidi, na hii ni kazi inayoweza kufanywa mapema bila gharama yoyote isipokuwa jasho.

Kuna kosa jingine ambalo halina budi kutajwa peke yake, kwa kuwa huua hata asiye na pumu. Mkaa ukishakolea huonekana hauna moshi, na hapo watu huingiza jiko chumbani wakalala nalo. Mkaa huo huendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Aliyelala haamki. Jiko la mkaa, hata liwe jekundu namna gani, lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Suluhisho la kudumu linajulikana. Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuifikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema. Lakini mgonjwa wa pumu wa Bulongwa au Ludewa hawezi kuahirisha kupumua mpaka mwaka huo, na kuujaza upya mtungi wa gesi kijijini ni mzigo kwa mfuko wa mkulima. Kwa hiyo yafaa kusema yanayowezekana sasa. Jiko liwashwe nje, liingizwe moshi wa kuwashia ukishakwisha, na litolewe kabla ya kulala. Mahali pa kupikia patengwe na mahali pa kulala, hata kwa ukuta wa mianzi na udongo. Tundu la kutolea moshi juu ya ukuta lisizibwe kwa magunia ati kwa sababu ya baridi. Mtungi mdogo wa gesi, kama upo, utumike kwanza kwa chai ya asubuhi na uji wa mtoto, kwa sababu huo ndio wakati milango imefungwa na mgonjwa amebanwa zaidi; maharage yanaweza kuendelea kuchemka kwa kuni nje mchana. Na mwenye pumu asipewe zamu ya kupuliza moto. Jambo hili linaonekana dogo, lakini katika nyumba nyingi binti mwenye pumu ndiye anayeamshwa kuwasha moto alfajiri.

Moshi wa nje nao una msimu. Kipupwe ni wakati wa kuchoma matanuru ya matofali na kusafisha mashamba kwa moto. Katika mabonde, hewa baridi ya usiku hutulia chini na kufunikwa na hewa yenye joto zaidi iliyo juu, hivyo moshi hukosa pa kupandia na hutanda hadi jua lipate nguvu. Jiji la London lilipata somo hilo kwa uchungu Desemba 1952, pale moshi wa makaa ya mawe ulipofunikwa kwa siku tano na maelfu ya watu wakafa, wengi wao wenye magonjwa ya kifua na moyo. Mabonde yetu hayana viwanda vya London, lakini kanuni ya hewa ni ileile. Mgonjwa mwenye hiari ya kuchagua saa ya kwenda shambani au sokoni asubiri ukungu na moshi wa asubuhi uinuke.

Baada ya jikoni tuingie chumba cha kulala. Ndani ya magodoro, mito na mablanketi huishi utitiri wa vumbi, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula magamba ya ngozi yanayopukutika mwilini mwetu. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Kinachodhuru ni kinyesi chao na mabaki yao, ambavyo huchanganyika na vumbi na kuvutwa kwa pumzi. Blanketi lililokunjwa sandukuni tangu Septemba iliyopita, likitolewa Juni na kutandikwa usiku huohuo, humpa mgonjwa vumbi la miezi tisa kwa mkupuo mmoja. Mablanketi na masweta yatolewe mapema, yakung'utwe mbali na mgonjwa, yafuliwe kwa maji ya moto pale kitambaa kinapostahimili, kisha yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki. Magunia ya mahindi yaliyotoka shambani, ambayo katika nyumba nyingi huhifadhiwa chumbani kwa hofu ya wezi, nayo hujaza vumbi na kuvu. Mgonjwa asilale nayo, na wala asishiriki kupukuchua ndani ya nyumba. Kuku waliolazwa ndani wahamishwe. Sakafu ipigwe deki au inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Pamoja na hayo yote, nyumba safi peke yake haitoshi, na hapa ndipo wagonjwa wengi hukosea. Dawa za pumu ni za aina mbili. Ipo ya kutuliza, kama salbutamoli, ambayo hufungua mirija ndani ya dakika chache lakini haigusi uvimbe. Na ipo ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo hupunguza uvimbe wenyewe polepole, kwa siku na majuma. Kwa kuwa dawa ya kuzuia haimpi mgonjwa nafuu ya papo hapo, wengi huiacha na kung'ang'ania ile ya kutuliza. Mpango wa kimataifa wa pumu unaojulikana kwa kifupi kama GINA ulibadilisha mwongozo wake mwaka 2019 na kusema kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa dawa ya kutuliza peke yake, kwa sababu njia hiyo huwaacha katika hatari ya mashambulizi makali. Maana yake kwa kipupwe ni nyepesi kueleweka: mgonjwa anayejua kwamba hubanwa kila Julai amwone daktari Mei, aanze au aimarishe dawa ya kuzuia, na asiiache katikati ya msimu kwa kuwa amejisikia vizuri. Amejisikia vizuri kwa sababu anaitumia.

Imani kwamba dawa ya kuvuta, ambayo wengi huiita inhela au pampu, humzoesha mtu, au kwamba ni dawa ya wanaokaribia kufa, imewagharimu wengi. Ukweli ni kinyume chake. Dawa ya kuvuta hufika moja kwa moja mahali penye ugonjwa kwa kiasi kidogo, ilhali vidonge vya salbutamoli huzunguka mwili mzima, huleta kutetemeka mikono na moyo kwenda mbio, na hufanya kazi kwa kuchelewa. Baada ya kuvuta dawa ya kuzuia, mgonjwa asukutue kwa maji na kuyatema ili asipate utando mweupe mdomoni.

Watoto wengi hawawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, hivyo dawa huishia ulimini. Kwao huhitajika chombo cha kupitishia dawa, ambacho dukani kinaweza kuwa ghali. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Heather Zar, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ile ya kawaida ya kinywaji, ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa husafishwa, kisha kitako chake hutobolewa kwa waya wa moto tundu lenye umbo na ukubwa wa mdomo wa inhela ili ibane bila kuvujisha. Mtoto huweka mdomo wa chupa kinywani, dawa hubonyezwa mara moja, naye hupumua taratibu ndani ya chupa mara tano au sita kabla ya kubonyeza tena. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, kwa sababu kuifuta huifanya inase dawa kwenye kuta zake. Muuguzi wa zahanati anaweza kumwonyesha mzazi namna ya kuitengeneza kwa muda mfupi tu.

Kuhusu kujifukiza, ambako hushika kasi kila baridi inapoingia: mvuke unaweza kulainisha makamasi ya pua, lakini hautibu pumu, na harufu kali ya mkaratusi humbana kifua baadhi ya wagonjwa. Sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi pamoja na mtoto anayehangaika kupumua ni ajali inayosubiriwa. Tahadhari nyingine ni juu ya dawa za maumivu zinazonunuliwa kiholela wakati wa mafua. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huweza kuamsha shambulio kali kwa baadhi ya watu wazima wenye pumu. Mgonjwa amwambie mwuza dawa hali yake kabla ya kupewa chochote. Amweleze vivyo hivyo daktari anayemtibu shinikizo la damu, kwa kuwa dawa kama propranololi hubana mirija.

Dalili za hatari ni hizi: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatisha, nyama za kati ya mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, midomo inabadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu, au dawa ya kutuliza haimpi nafuu. Mluzi ukitoweka ghafla huku mgonjwa akizidi kuchoka na kusinzia, hiyo si nafuu. Ni kwamba hewa haipiti tena. Akalishwe wima, asilazwe chali, afunguliwe nguo za shingoni, apewe dawa ya kutuliza kupitia chupa, mara nne hadi 10, moja baada ya nyingine, na kurudiwa kila dakika 20 wakati safari ya kwenda hospitali imekwisha kuanza. Isisubiriwe alfajiri. Katika vijiji ambako gari halipatikani usiku, familia ikubaliane mapema, kabla ya Juni, na jirani mwenye chombo au na dereva wa bodaboda anayeaminika, namba yake iandikwe ukutani, na blanketi zito la kumfunika mgonjwa njiani liwekwe karibu na mlango, likiwa limekwisha kufuliwa.